Namna ya Kuomba Maoni Mpaka Tovuti Isieleweke

Hongera, umeanzisha kampuni changa hapo Dar es Salaam. Programu yako inamwezesha Mangi, mwenye duka la mtaani, kuandika madeni ya wateja kwenye simu, aachane na lile kaunta buku lenye kurasa zilizolowa mafuta ya kula. Ukakaa usiku ukaandika maneno ya ukurasa wa mbele wa tovuti: "Andika madeni ya duka lako kwenye simu. Wadaiwa tutawakumbusha sisi kwa meseji." Chini yake bei, na kitufe cha "Jaribu bure".

Una tatizo: maneno hayo yanaeleweka. Ili kuliondoa, omba maoni.

Anza na wanaokupenda. Tupia kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na uulize, "Mnaionaje?" Shangazi atatuma viganja vya dua, binamu ataweka alama za moto, mjomba atashauri picha ya bendera ya taifa. Rob Fitzpatrick alitoa kitabu mwaka 2013, The Mom Test, akionya kwamba ukimuuliza mama yako kama wazo lako ni zuri unamlazimisha akudanganye. Heri, anasema, umuulize mtu anavyofanya mambo yake sasa hivi na yanamgharimu nini. Achana na Fitzpatrick. Hamjui mama yako.

Kisha wafuate wajuzi, na kila wanachosema kipokee bila kuuliza kama wamewahi kukopesha hata kiberiti. Wa kwanza ataona "duka" ni neno dogo. Andika "wajasiriamali wadogo na wa kati". Wa pili atasema "madeni" yanatisha wawekezaji. Weka "usimamizi wa mikopo". Wakili ataingia na sheria, na kusema kweli ana hoja, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na mdaiwa naye ana haki zake. Hayo yangetosha kwenye ukurasa wa pembeni. Wewe yapandishe juu kabisa, kwa herufi kubwa. Matokeo ni haya:

"Jukwaa bunifu la kidijitali linalowawezesha wajasiriamali wadogo na wa kati kufikia ustawi endelevu wa kifedha kupitia usimamizi jumuishi wa mikopo, kwa kuzingatia sheria husika."

Sasa hakuna atakayekupinga, kwa sababu hakuna anayejua unauza nini. Kitufe nacho kiandike "Anza safari yako", Mangi adhani ni tiketi za basi la Moshi. Safaricom walipoizindua M-Pesa nchini Kenya Machi 2007 waliwaambia watu watume pesa nyumbani, basi. Tuwasamehe, WhatsApp ilikuwa bado haijazaliwa.

Hatari kubwa ni Mangi mwenyewe. Usimsogelee. Wapo watu wakatili wanaomwendea dukani jioni wateja wakiwa wamepungua, wanampa simu, wanahesabu kimoyomoyo hadi tano, wanaichukua tena na kumuuliza, "Hii inafanya kazi gani?" Halafu wananyamaza! Mangi aliyesoma "mikopo" na "kidijitali" kwa pamoja atairudisha simu kama kaa la moto: "Kausha damu hiyo, mdogo wangu. Mke wangu walimpigia simu mpaka kanisani." Unaona? Neno ulilolipamba kwa ajili ya mwekezaji, huku mtaani lina wenyewe: wakopeshaji wa riba za kukausha damu. Na ukutani kwake amebandika "Kukopa harusi, kulipa matanga", tangazo ambalo halikupitishwa na kamati yoyote na kila mteja amelielewa.

Ikitokea umemwonyesha kwa bahati mbaya, wahi kumweleza. Sema kwa kirefu ulichokusudia, mpaka akubali kwa kichwa ili ahudumie mteja wa sukari. Hiyo hesabu kuwa ni maoni chanya. Kwamba mbele ya mgeni wa tovuti hutakuwepo kumweleza chochote, usilifikirie leo. Wala usiandike maneno yake yeye ya "kausha damu" na "wananidai, nawadai", usije ukashawishika kuyatumia.

Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za tovuti. Mangi watano unawapata kwenye mtaa mmoja wa Sinza kwa gharama ya soda tano, gharama ambayo kampuni yenye nembo mpya na viti vya kuzunguka haiwezi kuimudu.

Miezi ikipita bila mtu kubonyeza, maneno usiyaguse. Badilisha rangi ya kitufe, tangaza kwamba soko bado halijaelimika, kisha andika maombi ya ruzuku ya kulielimisha.