Basi Lililokula Chakula cha Mchana

Miongoni mwa taabu zinazompata mtu wa Afrika Mashariki anapolazimika kuandika barua ya kuomba kazi, tangazo la kikao au taarifa ya safari kwa Kiingereza, hakuna inayochekesha kama sentensi ambayo kila neno lake limeandikwa sawasawa, ilhali maana yake imekwenda kinyume na nia ya mwandishi. Makosa ya tahajia huonekana upesi, na kompyuta huyapigia mstari mwekundu. Makosa ya sentensi, yaani yale yanayohusu namna maneno yanavyofungamana, mara nyingi hupita bila kuulizwa, kisha hugunduliwa na mkubwa wa ofisi mbele ya wenzake. Vitabu vya sarufi huyapa makosa hayo majina mengi, lakini sehemu kubwa yake ina asili moja, nayo ni kwamba sentensi haikueleza bayana ni nani aliyetenda nini.

Kitenzi cha Kiswahili humbeba mtenda wake. Neno “nimefika” ni sentensi kamili, kwa kuwa kiambishi cha nafsi kimekwisha kumtaja aliyefika; kitenzi cha Kiingereza hakina mzigo huo, na kwa sababu hiyo kiima, ambacho ni neno linalomtaja mtenda, hudai nafasi yake peke yake. Aliyelelewa katika Kiswahili hukosea kwa namna mbili zinazopingana: ama humwacha mtenda nje na kuandika “Is very far”, ama humwita mara mbili na kuandika “My father he works in Mombasa”, kwa kuwa katika “baba yangu anafanya kazi Mombasa” baba hutajwa kwanza, kisha hurudiwa na kiambishi “a-”. Kiambishi hichohicho hakibagui jinsia, jambo ambalo ni la heri kwa wasemaji lakini ni la hatari kwa waandishi wa wasifu, maana mama anayeingia katika aya ya kwanza akiwa mwanamke huweza kutoka katika aya ya pili akiwa mwanamume, na asiwepo jamaa hata mmoja aliyearifiwa.

Kosa la pili kwa umaarufu ni la mkato uliopewa kazi isiyo yake. Kiswahili kina kiambishi “-ka-”, ambacho hufuatanisha matukio bila kuhitaji kiunganishi, kiasi kwamba “basi lilijaa, nikapanda bodaboda” ni usemi usio na dosari. Anayeuhamisha kama ulivyo huandika “The bus was full, I took a bodaboda”, na hapo mwalimu wa Kiingereza huona sentensi mbili zilizo huru zikishikizwa kwa alama isiyo na nguvu ya kuzishika. Tiba zake ni kuweka nukta, kuweka nuktamkato, kuongeza kiunganishi baada ya mkato, au kuligeuza tukio la kwanza kuwa kishazi tegemezi, yaani fungu lenye kitenzi lisiloweza kusimama pasipo jingine. Wapo wanaoipenda mno tiba ya kiunganishi, wakaandika “and” baada ya kila tukio tangu alfajiri hadi magharibi, na sentensi yao huwa haina kosa la alama ila msomaji humaliza akitweta. Wengine hukimbilia nukta kwa pupa, wakaacha “Because the bus was full” ikisimama peke yake, sababu iliyokosa tukio la kulieleza.

Kosa lenye kuchekesha zaidi ni la kirai kinachoning'inia, yaani fungu la maneno lililotangulizwa bila mtenda wake. Kanuni ya Kiingereza ni kwamba kirai cha namna hiyo humwendea mtenda anayetajwa mara tu baada ya mkato, hata kama akili inakataa. Taarifa ya safari inayosema “After eating lunch, the bus left for Tanga” inashuhudia, kwa mujibu wa sarufi, kwamba basi lilikula chakula cha mchana, na mhasibu anayesoma stakabadhi ana haki ya kuuliza lilikula sahani ngapi. Katika Kiswahili ajali hiyo ni adimu, kwa kuwa “tulipokwisha kula, basi liliondoka” ina “tu-” ya walaji na “li-” ya basi, na ngeli huwatenganisha kabla fitina haijaanza.

Upatanisho, yaani kukubaliana kwa kiima na kitenzi, huwapotosha watu pale jina jingine linapojipenyeza katikati. Anayeandika “The list of guests are on the table” amewasikiliza wageni akaisahau orodha, ingawa mtu huyohuyo hawezi kusema “orodha ya wageni wako mezani” hata akiwa usingizini.

Asidhani mtu kwamba balaa hili ni la wageni wa lugha tu. Katika jimbo la Maine nchini Marekani, sheria ya malipo ya saa za ziada iliorodhesha kazi zisizolipiwa, lakini mkato ulikosekana kabla ya kiunganishi cha mwisho, pasijulikane kama usambazaji ulikuwa kazi ya pekee au sehemu ya ufungashaji. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai kwamba wao husambaza wala hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona utata huo ukiwaelemea waajiri, na mwaka 2018 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Njia ya kusahihisha, basi, ni kukisimamisha kila kitenzi na kukidai mtenda wake: kama hayupo, aandikwe, kama ni wawili kwa kazi moja, mmoja aondoke, kama yuko mbali, asogezwe karibu. Mwandishi aliyezoea ngeli ana sikio linalofaa kazi hiyo, mradi akumbuke kwamba Kiingereza hakitamwonya, na kwamba kompyuta, ambayo haijawahi kupanda basi la Tanga, huenda isione ajabu yoyote likila.