Pikapu Yangu Haina Ugomvi na Upepo

Ikikaribia tarehe 14 ya mwezi, wenye magari hapa Kisii hushika roho mkononi. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, iko karibu kutangaza bei mpya za mafuta. Na tangu Septemba 2023, petroli ilipovuka shilingi 200 hata kule Nairobi, kila mtu amegeuka mhandisi.

Mhandisi wangu ni mpwa wangu, kijana wa Nairobi aliyekuja likizo na ushauri. "Anko, shusha hii pikapu. Halafu funika nyuma na kifuniko bapa. Upepo uteleze, mafuta yapungue."

Hesabu yake siipingi. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, upepo hukukaza mara nne. Lakini nionyesheni pa kufikia hiyo 100 kati ya Daraja Mbili na Nyamira! Ukimaliza kona, mlima. Ukimaliza mlima, tuta, na kwenye tuta mama kashakuingizia parachichi dirishani. Mimi makao yangu ni gia ya pili. Huo upepo wenyewe hunipita ukafika Kebirigo kabla yangu.

Eti nishushe gari? Huku magari hupandishwa! Mpelekee fundi chochote chenye magurudumu manne, atakuuliza, "Mzee, tuongeze springi ngapi?" Probox zetu hutembea zimeinua makalio zikisubiri abiria wa kwenye buti. Pikapu yangu nimeinunua ikiwa na springi za ziada, keria ya chuma na bampa ya mabomba ambayo ingefaa kuwa geti la shule. Chuma chote hicho napanda nacho mlima kwa pesa yangu. Hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Hapo na kwenye matairi yasiyojazwa upepo.

Na hicho kifuniko kitafunika nini? Mikungu ya ndizi husimama ikaipita kabini kwa urefu. Juu ya ndizi kuna magunia, juu ya magunia vijana wa kupakua, na juu ya vijana kuku wa shemeji aliyeomba lifti.

Jana mpwa alikuwa anarudi Nairobi, akaomba nimfikishe steji. Dada yangu alikuwa amempakilia mkungu wa ndizi, gunia la viazi vitamu na mzigo wa miwa. Tulipofika chini ya mlima nilimwambia ateremke apande kwa miguu, tupunguze uzito. Upepo ungemsukuma.