Namna ya Kumtafuta Rono Ukiwa Kapseret

Babako amekutuma saiba uangalie kama malipo yake ya maziwa yameingia. Karani wa ushirika amekutumia jedwali la Ekseli lenye majina mia nane. Saiba hulipiwa kwa dakika, kwa hiyo usiharakishe.

Shika kipanya uteremke jina kwa jina, ukisoma kwa sauti. Ukifika mia tatu hivi simu italia, utasahau ulipokuwa. Anza upya.

Ukichoka, bonyeza Ctrl na F, uandike "Kip". Hongera, umepata nusu ya kijiji! Aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kiprop, wa alfajiri ni Kipkoech, wa mbuzi wakirudi jioni ni Kiprono. Hata Wanjala yumo, kosa lake ni kukaa Kipkenyo. Kompyuta haimjui mtu, inajua herufi tu.

Wajuaji watasema andika jina zima. Hao hawajamwona karani akiandika. Dadako ni Chepkorir kwenye kitambulisho na Jepkorir kwenye daftari la maziwa. Dawa ipo: nyota husimama badala ya herufi zozote, kwa hiyo *epkorir itawanasa wote wawili. Alama ya kuuliza ni ya herufi moja tu: Kaps?ret italeta Kapseret na Kapsaret, ambako ni hapa hapa. Ukiandika Kaps*t, umeialika Kapsabet nzima.

Sasa bidii imekupanda, unataka kila "Ch" iwe "J". Amuru zibadilishwe zote kwa mpigo. Ekseli haibagui herufi kubwa na ndogo usipoiambia, basi Chebet atakuwa Jebet ulivyotaka, Kipchumba ataota J kubwa tumboni awe KipJumba, na makato ya chai yatakuwa ya Jai. Ctrl na Z ingekuokoa, ila ulishahifadhi na kufunga faili.

Ukitaka jumla, Ctrl na mshale wa chini hukufikisha mwisho wa orodha. Bonyeza tena: unatua mstari wa 1,048,576, usio na ng'ombe wala binadamu. Hata ndege za uwanja wetu haziruki hivyo. Ctrl na Home, urudi nyumbani.

Bado hujampata mzee? Ulitafuta Kiprono, kumbe hilo ni jina la babu yako; mzee mwenyewe baada ya jando ni arap Rono, yaani mwana wa Kiprono. Mpigie karani.

"Rono yupi?" atauliza. "Wa karibu na posho mili, ama yule wa ng'ombe wa madoadoa?"