Godoro la Boda

Asubuhi ya kwanza nilidhani panya wameingia stoo. Sakafu ilikuwa imetapakaa sponji ya manjano, vipande vidogo kama punje za mahindi, na katikati yake kilebu wetu amelala chali, anakoroma. Sponji hiyo ilikuwa godoro lake, nililolikata kutoka godoro la kitanda cha watoto kilichokwisha kuwa kifupi kwao. Nililishonea foronya mbili, moja juu ya nyingine, ili mtoto wa watu asilale kwenye simiti.

Shemeji ndiye aliyemleta. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, na foleni ya Malaba ikikwama hukaa pale hata siku mbili tatu. Nyuma ya kibanda anapokula kulikuwa na mbwa jike aliyezaa mwezi wa Machi. Watoto wengine wakachukuliwa, akabaki huyu mweusi mwenye miguu myeupe. Alipotimiza miezi miwili, shemeji akamtia kwenye katoni, akampakata juu ya bodaboda kupitia Adungosi na Alupe hadi kwetu Marachi, hapa Busia. Watoto wangu wakamwita Boda. Jina hilo tunalionea fahari, kwa sababu lilizaliwa mpakani hapa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda kabla ya pikipiki.

Mei na Juni alilala vizuri. Julai ndiyo ikaleta vita.

Baada ya sponji nilimpa blanketi. Mimi nauza mitumba, na nilipofungua mzigo Jumatano nilitenga moja zito la sufu ambalo ningeliuza bila kubembeleza mtu. Alilimaliza kwa siku mbili. Nikamwekea gunia la katani, nikijiambia kwamba lililobeba kilo 90 za mahindi haliwezi kushindwa na kinywa kidogo namna ile. Asubuhi nyuzi za katani zilikuwa zimetandaa hadi mlangoni.

Jirani akashauri pilipili. Nilipaka, na sitarudia tena: alijifuta kwa mguu, ikamwingia jichoni, akalia hadi watoto nao wakalia. Baba watoto akataka achapwe. Lakini alikuwa amerarua usiku wa manane, achapwe saa moja asubuhi kwa kosa asilolikumbuka? Angejifunza kutuogopa tu. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinitazama nikizoa nyuzi kwa ufagio akaniambia polepole: "Mwanangu, unamfungia gizani tangu jua linapozama, peke yake. Unataka afanye nini humo?"

Nilimsikia, ila sikufanya lolote siku hiyo. Kesho yake Boda akakataa uji. Akatapika povu. Jioni alikuwa amejikunyata, mgongo umepinda juu kama upinde, na nikimgusa tumbo anaguna. Tulimpeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa nimemfunga kwa leso kifuani.

Daktari alimbinyabinya tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kisha akaniuliza: "Mama, umewahi kumtazama mdomoni?"

Sikuwahi. Siku hizo zote nilikuwa nakagua matandiko. Akamfunua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba. Upande wa kushoto chonge la utotoni lilikuwa bado limesimama, jembamba kama sindano, na kando yake jino jipya jeupe limeshachungulia. Upande wa kulia palikuwa na kishimo chenye damu. Mbwa ana meno 28 ya utotoni, daktari akaeleza. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne huanza kung'oka, na kufikia wa saba kwa kawaida huwa ameota yote 42 ya ukubwani. Wakati huo wote anawashwa, anaumwa, na dawa anayoijua ni kutafuna.

Kilichomtisha daktari ni kile alichokuwa akikimeza. Sponji huziba utumbo. Uzi mrefu ni hatari zaidi: ncha moja ikinasa, utumbo hujikusanya juu yake kama kiuno cha kaptura unapovuta kamba. Pia alituonya juu ya gunzi la mahindi, ambalo katika mji huu liko kila kona. Kipande kikimezwa huweza kukwama na kuua mbwa. Boda alilazwa usiku ule. Asubuhi alitoa kipande cha sponji kikubwa kama kidole gumba, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu.

Tuliporudi, stoo ilifungwa. Boda akahamia kolido, karibu na mlango wa chumba cha watoto, ambako anawasikia wakipumua. Kabla ya chakula cha jioni mtoto mkubwa humtembeza hadi achoke. Kitambaa na kiatu kikuukuu hapewi, maana hawezi kutofautisha kikuukuu na kipya. Hupewa karoti nzima iliyolala kwenye friza, na mtu hukaa naye akiitafuna, macho amefumba nusu kwa raha ya ule ubaridi.

Kitanda kilitoka Malaba. Shemeji alileta kipande cha turubai la lori kutoka kwa mafundi wanaoziba maturubai kando ya barabara. Baba watoto akaunda fremu ya mbao, futi tatu kwa mbili, yenye miguu ya kuiinua kutoka simiti. Turubai akalivuta hadi likakaza kama ngoma, na kingo zote akazikunjia chini na kuzipigilia misumari huko. Nguo nimeuza miaka mingi na najua huanza kufia kwenye pindo. Mbwa naye hutafuta pindo. Boda alizunguka kitanda kile mara nne akinusa pembe, akajaribu kwa jino la pembeni, likateleza. Akapanda, akalala.

Jumamosi kitindamimba wetu, mwenye miaka 7 na pengo mbele, alikuta kitu cheupe juu ya turubai, kidogo kuliko punje ya mchele. Akakishika kiganjani, akanitazama.

"Na jino hili tunalitupa juu ya bati kama langu?"

Tukatoka wote uani, Boda akitufuata. Mtoto akarusha. Tulisikia likigonga bati, likabiringika kidogo, kisha kimya.