Mtoko wa Bei Chee: Tahadhari kwa Wanandoa wa Bunju

Kosa la kwanza ni kumwambia mapema. Mwambie mkeo Jumatano, "Mama, Jumamosi nataka tutoke, mimi na wewe tu," uone kama hataweka mwiko chini. Atakutazama kuanzia kandambili kwenda juu, kisha atauliza kwa upole unaotisha: "Kuna nini?" Mwanamume wa huku kwetu hatoki na mkewe bila sababu. Ama amesimamishwa kazi, ama amekopa, ama kuna neno linazunguka mtaani na anataka alifikishe yeye kabla ya majirani. Mimi nilijibu kwamba hakuna kitu, ni mapenzi tu. Akainuka moja kwa moja kwenda kukagua bahasha ya hela za saruji.

Tuelewane kwanza mwongozo huu unamhusu nani. Ndoa hapa ni ile ya Sheria ya Ndoa ya 1971, muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Na nyie ambao hamkufika kwa padri, kwa shehe wala bomani, msijifiche nyuma ya pazia: kifungu cha 160 kinasema mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, mnadhaniwa ni wanandoa mpaka ithibitike vinginevyo. Sheria hiyo imezungumzia matunzo, talaka na mgawanyo wa mali. Kuhusu mtoko iko kimya, na matokeo tunayaona.

Najua utaniambia nyie mnatoka sana, kwani juzi mlikuwa wote ukumbini Tegeta. Ile haikuwa mitoko, ilikuwa harusi ya watu. Wanandoa wengi wa jiji hili huonekana bega kwa bega katika mambo matatu: harusi, msiba na kumpeleka mtoto hospitali. Harusi ndiyo inayohadaa, kwa sababu ina chakula, muziki na taa za rangi. Lakini piga hesabu. Kadi ya mchango ya "double" umeilipa kwa awamu tatu huku katibu wa kamati akikukumbusha kila alfajiri kwenye kundi la WhatsApp. Kuna kitambaa cha sare na fundi wa kukishona. Kuna saluni. Kadi imesema saa 12 kamili jioni, maharusi wanaingia saa 3 usiku, na mmekalishwa meza ya watu kumi mbele ya spika kubwa kama kabati. Neno pekee utakalosemezana na mkeo usiku kucha ni "Eeh?" Saa 7 mnatafuta bajaji, naye dereva anajua kabisa kwamba hamna njia nyingine ya kufika Bunju. Kwa bei hiyo mngekwenda wapi sijui.

Basi tuje kwenye mitoko yenyewe. Ya kwanza kila mtu ataitaja: pantoni ya Kivukoni, Magogoni hadi Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu nimeizoea kwa shilingi 200, upepo wa bahari ni bure na meli mtaziona. Mtego ni kwamba Bunju iko zaidi ya kilometa 30 kutoka Kivukoni. Mkifika, hamu ya kubarizi imeishia Lugalo kwenye foleni, na kilichobaki ni hamu ya kukaa chini.

Kisiwa cha Mbudya? Kinaonekana vizuri sana kutoka ufukweni Kunduchi. Kitazameni hapo hapo. Ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio, kuna boti, halafu kuna samaki ambaye akishavushwa maji yale anabadilika bei.

Niliona nifanye jambo la kisomi: nikampeleka Kijiji cha Makumbusho. Daladala ya Bunju–Makumbusho inakushusha karibu yake, na kijiji chenyewe kipo tangu 1966, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi. Kosa langu lilikuwa kukaa upande wa dirisha. Mkifika Tegeta, kilima cha Wazo kinajitokeza na kiwanda chake, ambacho nacho kimekuwa kikisaga saruji tangu miaka hiyo hiyo ya sitini. Mke wangu alikitazama mpaka kikapotea. "Imepanda tena," akasema. Hakuhitaji kutaja nini.

Ndani ya Makumbusho mambo yalikwenda vizuri kwa dakika ishirini hivi. Tukapita kwenye tembe la Wagogo, tukafika kwenye msonge wa Wahaya, nyasi kuanzia kileleni hadi chini. Mimi kwetu Bukoba, kwa hiyo nilikuwa nimejiandaa kutoa somo. Nikaeleza miti inavyopindwa, nyasi zinavyopangwa, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Baba, na hii babu yako alijenga bila saruji?" Nikasema ndiyo. "Bila nondo?" Ndiyo. "Na alimaliza?"

Hapa ndipo pa kumwonya mgeni wa Bunju. Sisi tulihamia huku kujenga, wengine wamejenga, wengine tunaendelea, na mtu anayejenga hana shilingi tena, ana saruji. Kila bei inageuzwa kuwa mifuko kabla haijafika mdomoni. Kiingilio ni nusu mfuko. Soda mbili na maji ni tofali tatu za inchi sita. Ukimnunulia mkeo gauni anakushukuru kwa dhati, kisha anahesabu lenta.

Nikaona tutoke nje ya mkoa kabisa, labda mawazo yatabaki Dar es Salaam. Kutoka Bunju ni rahisi: ukivuka Mto Mpiji tu umeshaingia Mkoa wa Pwani, na unaweza kuwaambia watu kwamba ulisafiri. Gari za Bagamoyo zinapita mlangoni kwetu, ingawa zinakuja zimejaa tangu Makumbusho, hivyo mapenzi mtayafanyia wima, kila mmoja ameshika bomba lake. Tukaenda Magofu ya Kaole. Kuna mabaki ya msikiti wa karne ya 13, kuna mbuyu mkubwa, na kuna makaburi. Waongozaji wa pale husimulia juu ya kaburi moja la wapenzi wawili waliozama baharini wakazikwa pamoja.

Ni mahali pazuri mno na nauli yake inavumilika. Lakini usisimame kwenye kaburi hilo. Nasema kwa uchungu. Tulisimama, upepo ukavuma, mke wangu akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke hakuna aliyetaja fundi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi tutazikwa pamoja?" Mwanamume mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nikaanza kueleza kwamba kwetu mtu anazikwa kibanjani, kwenye migomba ya ukoo, na kusafirisha wawili kwenda Bukoba ni gharama. Tulirudi Bunju tukiwa tumesimama, kila mmoja na bomba lake.

Simba wana uwanja wao wa mazoezi huku huku Bunju, na kupita nje ya ukuta hakulipiwi. Kama mmoja wenu ni Yanga, ruka aya hii.

Nikashusha matarajio nikachagua chipsi mayai za barabarani, hatua mia mbili kutoka nyumbani. Nilisahau jina lake la mjini: zege. Kijana alipasua mayai mawili kwenye ukingo wa bakuli, akakoroga kwa uma, akamwaga juu ya chipsi, na yalipoanza kushika akafunika kikaango kwa sahani na kugeuza kwa mkono mmoja bila kudondosha hata kipande. Kachumbari pembeni, pilipili, vijiti viwili vya meno. Mke wangu akachoma kipande, akakitazama kwenye mwanga wa taa. "Hili zege kokoto nyingi, saruji kidogo." Tulicheka. Kweli tulicheka, ndipo jirani akatokea. Ustaarabu ni ustaarabu, nikasema, "Karibu, jirani." Katika nchi hii kila mtu anajua neno hilo linajibiwa "Ahsante, endeleeni." Huyu akajibu, "Nimekaribia," akavuta kiti na kuomba kijiti cha tatu. Alikuwa na habari ndefu za mpaka wa kiwanja chake.

Kilichofanikiwa sikukipanga. Jumapili moja tulikwenda saiti kuona kama fundi alikuja. Hakuja. Tulikuwa na mahindi mawili ya kuchoma tuliyonunua njiani, yenye chumvi, ndimu na pilipili. Tukakaa juu ya tofali, katikati ya sebule, ambayo kwa sasa ina mpapai ulioota wenyewe. Akanionyesha kwa gunzi mahali litakapokaa kochi. Nikabisha, nikasema kochi likikaa hapo mlango hautafunguka. Akasema mlango tutaufungulia nje. Mabishano hayo yalitufikisha magharibi, simu zikiwa mifukoni, na kwa vile paa hakuna tuliona mwezi ukitoka upande wa Mbweni. Gharama yote, mahindi mawili.

Tumekwenda kila Jumapili tangu hapo. Fundi bado hajaja na sasa sijampigia sana. Ukipita Bunju B jioni ukaona vichwa viwili kupitia tundu la dirisha la boma lisilo na lenta, ni sisi. Usibishe hodi, mlango wenyewe haupo. Na tafadhali usitusalimie, maana itabidi tuseme karibu.