Barua ya Wazi kwa Polisi wa Anga: Asanteni kwa Kufika Maiti Ingali Moto

Kwa Kamanda Mkuu,
CONCORD, Jeshi la Polisi wa Anga,
New Eden.

YAH: SHUKRANI ZA WACHIMBAJI WADOGO KWA ULINZI TUNAOUPATA BAADA YA KUFA

Mheshimiwa Kamanda,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wachimbaji wadogo wa mawe ya angani. Hatuna jeshi, hatuna muungano wenye jina la kutisha, na hatujawahi kugombea kiti katika lile baraza la wachezaji ambalo wenye gemu walilianzisha mwaka 2008 ili vilio vyetu visikilizwe kwa utaratibu. Kazi yetu ni kuegesha meli kando ya mwamba, kuwasha leza na kungoja shehena ijae. Inachosha, lakini tumeichagua wenyewe, na habari ya kuchagua ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Kwa faida ya wananchi ambao hawajafika huko: New Eden ni anga la EVE Online, gemu iliyofunguliwa tarehe 6 Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland. Gemu nyingi za aina yake huwagawa wachezaji katika seva mbalimbali. Hii imewaweka karibu wote katika ulimwengu mmoja wenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na kila mfumo una namba yake ya usalama. Kuanzia 0.5 hadi 1.0 ni eneo lenu, Kamanda. Chini ya hapo hamfiki, na kuanzia sifuri kwenda chini kila mtu na ubavu wake. Tuliisoma ramani hiyo kama walivyoisoma wengine: anayetaka vita ashuke, anayetaka kuchimba kwa amani abaki juu.

Tukabaki juu. Na huko juu ndiko tulikojionea umahiri wenu.

Mfumo ni wa 0.5, mchimbaji yuko mgodini na meli yake pana, nzito, iliyomgharimu mamilioni ya ISK, sarafu ya huko ambayo herufi zake zinafanana na za krona ya Iceland. Ghafla zinatua Catalyst kadhaa. Hivi ni vimeli vya bei chee, vimejazwa bunduki na havina kinga ya maana, kwa kuwa wenyewe wanajua hawatarudi navyo. Wanafyatua kwa mpigo mmoja, na saa yenu inaanza kuhesabu. Katika mfumo wa 1.0 mnafika kwa sekunde 6 hivi. Katika 0.5 mnahitaji karibu sekunde 19. Hesabu hiyo wenzetu waliipiga kabla hawajaondoka bandarini: nguvu ya bunduki zao kwa sekunde, zidisha kwa 19, linganisha na uimara wa meli yetu. Wakiona inatosha, wanakuja. Wakiona haitoshi, wanaita rafiki mmoja zaidi.

Mnapowasili, meli yetu ni vyuma chakavu. Nanyi, bila upendeleo wala uchovu, mnawalipua wote hadi wa mwisho. Hapo anatokea mwenzao ambaye hakufyatua hata risasi moja, anazoa mzigo uliosalimika na kuondoka nao. Kwenu huyo ni mshukiwa tu, anayetaka kumpiga na ampige, ila nyinyi hamjishughulishi naye. Hatuwezi kulalamika kwamba haki haikuonekana ikitendeka. Tuliiona vizuri sana, tukiwa tunaelea ndani ya kapsuli ya kujiokolea.

Tunakiri pia kwamba mmepiga hatua. Hadi mwishoni mwa mwaka 2011, mviziaji aliyelipuliwa na askari wenu kwa kosa la kuua aliweza kulipwa bima ya meli yake. Serikali ilimwadhibu kwa mkono wa kulia na kumfidia kwa wa kushoto, hadi mtu mmoja mwenye akili akagundua kwamba jambo hilo halijakaa sawa. Iliwachukua miaka minane tu. Mwaka 2013 mkaongeza huruma: aliyejichafulia rekodi kwa mauaji anapeleka kwenu vitambulisho alivyovikusanya kutoka kwa maharamia, anatoa na ada, na jina lake linarudi kuwa safi. Sisi ambao hatujawahi kuua mtu hatujapata huduma yoyote yenye haraka namna hiyo.

Na sheria tunayoipenda kuliko zote ni ile ya wenye gemu inayopiga marufuku mbinu za kukwepa adhabu yenu. Kuua katika eneo salama ni sehemu ya mchezo, kuponyoka baada ya kuua ni udanganyifu, na akaunti inaweza kufungiwa. Ina maana kifo cha mchimbaji ni burudani halali ilimradi muuaji asikose mazishi yake mwenyewe.

Kamanda, palipo na ombwe la serikali hutokea serikali nyingine. Mwaka 2012 kundi moja la waviziaji lilijitangaza kuwa ndilo mamlaka ya maeneo salama, likaanza kuuza vibali vya kuchimba: ISK milioni 10 kwa mwaka, pamoja na kanuni za mwenendo mwema. Asiye na kibali alilipuliwa, kisha akaelezwa kwa adabu kosa lake. Nyinyi mlikuwa wapi? Mlikuwa kazini, sekunde 19 nyuma, kama kawaida. Tunaloweza kusema kwa kundi lile ni kwamba lilitwambia bei mapema.

Tukilalamika, jibu ni lile lile tangu enzi: ulipotoka bandarini ulikubali. Hili si la kwenu peke yenu. Katika Ultima Online, mwezi Agosti 1997, gemu ikiwa bado kwenye majaribio, Lord British, mfalme aliyechezwa na Richard Garriott, muundaji wa gemu yenyewe, aliuawa hadharani kwa moto wa kichawi kwa sababu alisahau kuiwasha tena kinga yake. Aliyemuua alifungiwa akaunti. Wakubwa walieleza kwamba ni kwa makosa ya nyuma, si kwa kumuua mfalme, na sisi tunawaamini kabisa. Gemu ilipofunguliwa rasmi, raia wa kawaida walichinjwa njiani kila siku, hadi mwaka 2000 dunia ikagawanywa mara mbili: Felucca, ambako mauaji yaliendelea, na Trammel, ambako hukuweza kumgusa mtu pasipo ridhaa yake. Wachezaji wengi wakahamia Trammel. Hata maharamia wa Sea of Thieves, gemu ya mwaka 2018, walitengewa maji tulivu Desemba 2023, kwa masharti ya kupokea sehemu ndogo tu ya dhahabu.

Sasa msije mkadhani tunaomba Trammel. Tunajua fika kwamba zile Catalyst zinazotulipua zimeundwa kwa madini tuliyochimba sisi. Meli zisipolipuka hakuna atakayenunua mawe yetu. Tarehe 27 Januari 2014, katika mfumo wa B-R5RB, muungano mmoja ulishindwa kulipia ankara ya eneo lake, vita vikawaka kwa saa 21 hivi, na meli 75 za daraja la Titan zikateketea. Hasara ilikadiriwa kufikia dola 300,000 za Marekani. Hakuna mwandishi wa gemu ambaye angeweza kuitunga hadithi hiyo akiwa mezani kwake. Ilitungwa na watu walioachiwa uhuru wa kupigana, na soko letu lilichangamka.

Lakini wale wa B-R5RB walijua wanaingia wapi. Wanapokwenda chini ya 0.5 nyinyi wenyewe huwawekea onyo mbele ya lango: huku ni hatari, una hakika? Anayebonyeza ndiyo amechagua. Sisi wa 0.5 hatuulizwi kitu. Mchezaji mpya hulindwa katika mifumo michache ya kuanzia, ambako wenye gemu wamekataza asinyanyaswe. Siku anapotoka huko kwenda Uedama na akiba yake yote ndani ya meli moja, hakuna anayemwambia kwamba mfumo ule ni machinjio mashuhuri. Takwimu mnazo. Ramani yenu huonyesha meli zilizolipuliwa katika saa iliyopita, kwa anayejua pa kubonyeza. Mviziaji anajua pa kubonyeza. Mgeni hajui. Mmoja ameingia na hesabu mfukoni, mwingine ameingia na imani, halafu mnasema wote wawili walikuwa na uhuru ule ule.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

Kwanza, mchezaji anapoingia katika mfumo wowote wenye ulinzi wenu, aandikiwe kwa herufi kubwa: “Ukishambuliwa hapa, tutafika baada ya sekunde kadhaa,” na idadi yake itajwe. Chini yake aelezwe: “Tunakuja kumwadhibu aliyekuua, kukuokoa si kazi yetu.”

Pili, mfumo wenye vifo vingi kwa wiki uwekewe onyo langoni kama lile la 0.4.

Tatu, aliyelipia kusafishwa jina, idadi ya mauaji yake ibaki ikionekana kwa yeyote anayekaribia kuegesha meli jirani naye.

Nne, mkiona hayo ni mazito, basi uzeni vibali nyinyi wenyewe. Tumeshazoea kulipa, na angalau mapato yataingia serikalini.

Tunawakumbusha kwa heshima yaliyotokea Julai 2019, wakubwa walipoondoa orodha ya waliomo ndani ya kila mfumo wa chini kabisa ili hofu iongezeke. Hofu iliongezeka, waliokuwa wakiingia wakapungua, na Septemba orodha ikarudishwa. Mchezaji anaweza kunyimwa machaguo yote ndani ya gemu, akabaki na moja ambalo hakuna jeshi la polisi linaloweza kulifikia, hata likipewa sekunde 19: kuzima kompyuta na kwenda zake. Tukilitumia hilo kwa wingi, mtabaki mkilinda mawe yasiyo na wachimbaji, na waviziaji watalazimika kupigana na watu wenye bunduki.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mchimbaji Mdogo
kwa niaba ya wenzake walio hai, na wanaosubiri meli mpya

Nakala:
Kitengo cha Bima, kwa kumbukumbu
Wauza vibali, kwa taarifa