Mabibi wa Mkebe wa Biskuti

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mombasa ana mkebe wa biskuti ambao haujaona biskuti tangu kabla wajukuu wake hawajazaliwa. Ndani yake wanakaa wanawake. Masharti ya kuingia ni mawili tu: awe mwanamke aliyeacha jina katika historia, na awe wa fedha halisi. Hivyo ndivyo Mwalimu anavyotangaza akiwa barazani. Ukiufungua mkebe mwenyewe, mambo hayajanyooka kiasi hicho. Wamo waliodanganya umri, wamo wasio na hata chembe ya fedha, na yumo mmoja ambaye uso aliouvaa ni wa mtu mwingine.

Wa kwanza kuingia alikuwa Maria Theresa, mtawala wa Austria, sura nene na ya haki, ukaya kichwani. Dalali aliyemleta aliapa kwamba sarafu hiyo ilifukuliwa kwenye msingi wa nyumba iliyobomolewa Mji wa Kale. Imeandikwa 1780, kubwa kama kifuniko cha chupa ya dawa, nzito mkononi. Mwalimu alilipa bila kuvuta bei, jambo ambalo kwa mtu wa pwani ni dalili ya maradhi. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa sonara.

Sonara aliiweka kwenye mizani: gramu 28 na ushei. Akaigonga, akasikiliza mlio wake.

“Fedha ipo, Mwalimu,” akasema. “Umri ndio haupo.”

Kisa chenyewe ni kirefu, na sonara yule alikuwa na chai. Maria Theresa alifariki Novemba 1780. Kufikia hapo wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Yemen na Uhabeshi walikuwa wameshamzoea kiasi cha kukataa sura nyingine yoyote. Walihesabu hata lulu za bizimu aliyoibana begani. Zikipungua, sarafu inarudi kwa mwenyewe. Basi watengenezaji wa Vienna wakaona heri wasimguse. Waliendelea kumpiga chapa kwa mwaka uleule, 1780, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1858 sarafu ile ilikoma kuwa pesa halali Austria kwenyewe, lakini huku ng’ambo ndiyo kwanza soko lilikuwa limechangamka. Unguja na Mombasa watu waliiita reale, na kwa reale zilihesabiwa pembe za ndovu na karafuu. Sultani Barghash alipopiga reale zake mwenyewe mwaka 1882, za yule mama hazikutoweka.

Karne ya ishirini ikaleta vituko zaidi. Mwaka 1935 Mussolini, aliyekuwa akijiandaa kuivamia Uhabeshi, alizichukua chapa zile zikapelekwa Roma. Waingereza nao hawakukubali kuachwa. London wakaanza kumpiga, na Paris, Brussels na Bombay pia. Hivyo yule marehemu alikuwa akitolewa katika miji kadhaa ya dunia, kila mji ukishikilia kwamba huu bado ni mwaka 1780. Vienna wanamtengeneza hata leo. Fedha yake ni ileile, sehemu 833 kwa kila elfu, na hilo ndilo linalomfanya mtu ashindwe hata kukasirika. Huwezi kuiita bandia sarafu iliyotolewa na wenyewe, kwa fedha kamili, kwa uzito kamili. Ina kosa moja tu la tarehe.

Mwalimu alimrudia dalali. Dalali hakutikisika.

“Mimi nilisema imeandikwa 1780. Nilisema imezaliwa 1780?”

Aliyefurahi ni mke wa Mwalimu. Alipoelezwa kwamba ule ukaya ni wa ujane, kwamba mama yule alifiwa na mumewe Franz mwaka 1765 na hakuvua nguo za msiba mpaka naye alipokwenda, aliishika sarafu akaitazama kwa huruma. “Eda ni miezi minne na siku kumi,” akasema. “Huyu maskini yumo edani miaka mia mbili na zaidi, na hakuna hata mmoja wa kumwambia imekwisha.” Tena alikuwa na watoto kumi na sita, Marie Antoinette akiwa mmoja wao.

Mjane wa pili mkebeni ni Malkia Victoria, naye si mgeni pwani hii. Kichwa chake kilikuwa kwenye pesa za shaba za mwaka 1897 ambazo watu hapa walinunulia mihogo. Lakini huyu wa Mwalimu ni medali hasa, ile rasmi ya jubilii ya miaka 60 ya utawala, ya mwaka huohuo wa 1897. Upande mmoja ni bibi kizee mwenye ukaya, kazi ya Thomas Brock. Geuza, utamkuta msichana aliyefunga nywele kwa utepe, alivyochorwa na William Wyon miongo mingi kabla. Ni medali ndogo, na za fedha zilitolewa kwa wingi, kwa hiyo haina bei ya kutisha. Ilifika ikiwa na rangi ya moshi yenye kumeta buluu na zambarau pembeni.

Mke wa Mwalimu aliona uchafu. Ni mwanamke aliyelelewa kwamba chombo cha madini kisichong’aa ni aibu ya nyumba. Akachukua majivu na ndimu, kama anavyofanya kwa sinia za shaba Idi ikikaribia, akaisugua medali mpaka bibi kizee akakaribia kufanana na msichana.

Wajuzi wa mambo haya wakisikia hadithi hiyo hushika vichwa. Weusi wa fedha hutokana na salfa iliyomo hewani, na pia iliyomo kwenye mayai, sufu na mipira ile ya kufungia noti. Unajijenga taratibu, utando mwembamba sana, na wakusanyaji huupenda kuliko mng’aro, kwa sababu ni ushahidi kwamba uso wa chini haujaguswa. Majivu huuondoa pamoja na nyusi za malkia. Mwalimu, kwa hekima ambayo ndoa ndefu humpa mtu, alisema, “Ahsante, imependeza.”

Victoria huyohuyo ndiye aliyeleta tukio la pekee ambapo ulaghai ulimnufaisha Mwalimu. Mwaka 1887, wakati wa jubilii ya miaka 50, Uingereza ilitoa sarafu mpya zenye sura iliyotengenezwa na Joseph Edgar Boehm. Malkia alivikwa taji dogo mno, na umma ukacheka kwamba litadondoka akipiga chafya. Ajabu ni kwamba taji lenyewe lipo na ndivyo lilivyo dogo; aliliagiza mwenyewe liweze kukaa juu ya ukaya. Balaa kubwa lilikuwa kwenye sarafu ya fedha ya peni sita. Ilikuwa sawa kwa ukubwa na nusu pauni ya dhahabu, na nyuma ilikuwa na nembo iliyofanana nayo. Wajanja wa London hawakuhitaji semina. Waliipaka dhahabu, wakaitumia kwa thamani mara ishirini ya ile iliyotoka nayo kiwandani. Serikali ikaiondoa haraka, ikatoa nyingine iliyoandikwa wazi kuwa ni peni sita.

Kijana mmoja alimletea Mwalimu “nusu pauni ya dhahabu” ya mwaka 1887. Mwalimu akaikataa kwa heshima. Sharti ni fedha. Kijana akashusha bei, akashusha tena, mwisho akaiacha kwa bei ya samaki wa kukaanga. Sonara alikwaruza ukingo kidogo, na chini ya dhahabu ikachungulia fedha. Mwalimu hajawahi kutembea kwa madaha kama siku ile.

Madaha hayo hayakudumu, kwa sababu yuko Susan B. Anthony.

Huyu ni Mmarekani aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1872 alipiga kura Rochester kinyume cha sheria, akakamatwa, akatozwa faini ya dola 100, na hakuilipa hata senti. Kwa mtu aliyekataa kuipa serikali dola 100, serikali ile ilimlipa fadhila ya kipekee: mwaka 1979 ikamweka kwenye sarafu ya dola. Zilipigwa zaidi ya milioni 750 mwaka huo mmoja. Wamarekani wakazikimbia. Upana wake ulikuwa milimita 26.5, robo dola ni milimita 24 na kidogo, rangi ileile, na mtu akilipia gazeti gizani alikuwa ametoa dola akidhani ni robo. Walitaka iwe na pembe kumi na moja ili itambulikane kwa kidole, lakini mashine za kuuzia bidhaa zisingeikubali. Pembe zikabaki kama mchoro tu ndani ya duara. Mamilioni kwa mamilioni yakalala ghalani.

Mwalimu alikuwa amenunua tatu kwa bei ya fedha. Sonara hakuhitaji hata mizani.

“Hii ni shaba iliyovaa buibui,” akasema.

Na ndivyo ilivyo kisayansi: moyo wa shaba, tabaka la nje la shaba na nikeli. Fedha haimo. Kwa kanuni za mkebe, Bi Anthony alipaswa kutoka. Mwalimu alifikiri, akaamua kwamba mwanamke aliyekwisha kukamatwa kwa kupiga kura hawezi tena kufukuzwa kwenye mkebe wa biskuti. Mlango ukishafunguliwa hivyo haufungiki. Alifuata Sacagawea, Mmarekani wa asili, kwenye dola ya mwaka 2000, rangi ya dhahabu na hana dhahabu, mwenye uso wa mwanafunzi aitwaye Randy’L He-dow Teton, kwa sababu sura ya Sacagawea mwenyewe haikuachwa na mtu yeyote.

Mwalimu ana mpwa Minneapolis. Kati ya 2022 na 2025 Marekani ilitoa robo dola za wanawake ishirini, watano kila mwaka, akitangulia Maya Angelou. Hata upande wa George Washington safari hii ni kazi ya mwanamke, Laura Gardin Fraser, ambaye mchoro wake ulipitwa mwaka 1932 ukangoja miaka tisini kuingia kwenye robo dola. Zipo za fedha, 99.9 kwa mia, zinazouzwa kwa wakusanyaji, na zipo za kawaida za mitaani. Mwalimu alimwandikia mpwa huyo ujumbe mrefu wa kumwagiza, akieleza tofauti, uzito, namna ya kushika kwa ukingo, na kwamba wasisuguliwe na mtu. Jibu lilichelewa, kisha likaja.

“Mjomba, hao wanawake nilikuwa nao wengi sana. Lakini mashine za kufulia huku zinakula robo dola tu. Maya Angelou nimefulia jinzi.”

Mwalimu ameuliza kama alikuwa wa fedha. Mpwa anasema nguo zilitakata.